Uji Alioonja Mama Domitila

Siandiki haya ili nionewe huruma. Huruma nimepewa ya kutosha hapa Goma, na haijanishushia sukari hata siku moja. Naandika kwa ajili ya mke wa askari aliyeambiwa leo kwamba ana kisukari, na kesho mume wake anahamishwa, na tayari ameamua moyoni kwamba hatamwambia mtu. Najua ameamua hivyo kwa sababu na mimi niliamua hivyo. Mama, wewe ni mjinga kama mimi. Kaa chini usome.

Jina langu ni Zaituni, ila kambini hakuna anayeitwa kwa jina lake. Niliitwa Mama Amisi, kwa mtoto wangu wa kwanza. Nimezaliwa Birere, hapahapa Goma, baba alitoka Maniema na mizigo ya vitenge akaishia hapa. Niliolewa na askari nikijua ni askari, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Wakati wa mambo haya tulikuwa Rutshuru, mimi na Papa Amisi, kwenye nyumba za mabati za kikosi chake. Watoto wawili walikuwa Goma kwa mama yangu, kwa ajili ya shule.

Kiu ilianza msimu wa kuvuna maharage. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linacheza, kisha nakimbilia choo, kisha nakunywa tena. Majirani wakasema nina mimba. Mimba gani inayokukausha? Pete yangu ya ndoa ilidondoka ndani ya beseni la nguo na sikuisikia. Kufikia msimu wa kupanda nilikuwa nafunga kitenge mara mbili kiunoni na bado kinateleza. Nikaenda hospitali peke yangu, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi katikati ya akina mama wenye watoto wa surua, na mchana nikaambiwa ni sukari, na kwamba vidonge havitatosha. Sindano asubuhi, sindano jioni, maisha yote.

Dawa ile haitaki joto. Muuguzi alinifundisha kuiweka ndani ya chungu kidogo chenye mchanga mbichi, na chungu kile nikakificha nyuma ya gunia la makaa. Nilijifunza kujichoma tumboni nikiwa nimesimama, mgongo kwenye mlango, mume akiwa zamu. Baada ya miezi michache tumbo lilijaa alama ndogondogo na vinundu vigumu. Nikaanza kuvaa nguo ya ndani ndefu hata kitandani. Papa Amisi hakuuliza kitu, nami nikajisifu kwamba nina akili.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya mutasyo. Hivyo ndivyo tunavyoita askari akihamishwa kituo. Kambini kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: mutasyo ikija, mke anapanda kamio, lori la jeshi, siku hiyohiyo pamoja na magodoro na sufuria. Mgonjwa hapandi, anaachwa hospitalini. Na mke aliyeachwa, kitanda chake hakimsubiri. Kwenye safu yetu ya nyumba mwanamke mmoja aliachwa kwa sababu alikuwa amejifungua. Alimfuata mume wake baada ya miezi mitatu, mtoto mgongoni, akakuta mwanamke mwingine anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu chake. Alitusimulia akicheka, lakini hatukucheka naye. Mimi niliapa kwamba kinu changu hakitatwangiwa na mtu.

Kwa hiyo nilidanganya. Akina mama wa kambi wanakula pamoja, beseni moja, na ukikataa kula wanajua una jambo. Mimi nikikaribishwa nilisema nimefunga. Mimi ni Mwislamu, na Jumatatu na Alhamisi kuna funga za sunna, na wenzangu wengi ni Wakristo, wakaniheshimu. Baadaye nilifunga Jumanne pia. Wakaniita mama wa maombi. Nilimtumia Mungu kama pazia la choo, na hilo nimekwisha kumwomba msamaha, ingawa Yeye si niliyemkosea zaidi.

Amri ya kuhamia Goma, kambi ya Katindo, ilikuja mwishoni mwa kiangazi. Kamio mbili, na siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi. Nilifurahi. Goma ni kwetu, watoto wako huko, na kutoka Rutshuru si mbali kwa barabara ikiwa nzima. Nilikuwa na mpango. Dawa niliihamishia kwenye thermosi ya maji baridi nikaichomeka kati ya magodoro. Alfajiri nitajichoma sindano kama kawaida, kisha ndani ya kamio, chini ya mtandio, nitakula viazi vitamu na ndizi nilizoficha kwenye mfuko mweusi. Hakuna atakayeona.

Nilijichoma saa kumi na moja. Saa kumi na mbili askari wakaanza kupakia, na askari hapakii, anatupa. Mfuko wangu mweusi ukarushwa na mingine, juu yake magodoro, juu ya magodoro vitanda, juu ya vitanda kuku. Niliusindikiza kwa macho ukienda chini. Ningesema, "Nipeni ule mfuko, kuna chakula changu." Lakini nilikuwa nimefunga, si ndiyo? Mtu aliyefunga anatafuta chakula cha nini saa kumi na mbili asubuhi? Nikanyamaza nikapanda.

Tuliondoka saa tatu. Mbele kwenye kabini alikaa Mama Kapiteni, mke wa mkubwa wa kikosi, ambaye ndiye aliyetutawala sisi wanawake. Hakuwa mtu mbaya. Alijua nani anazaa lini na nani hana chumvi. Ila akishasema jambo, limekwisha. Hatukufika mbali. Pale Kalengera kamio ya mbele ilipasuka matairi mawili kwa mpigo, na la akiba lilikuwa moja. Wakatuma mtu arudi Rutshuru. Tukashuka tukakaa kando ya barabara, jua likapanda.

Akina mama wakatoa beseni lao la bugali na maharage. Mama mmoja mcheshi akanitania, "Mama Amisi, leo hata malaika wako banakula, njo." Nikamwambia afunge kinywa chake kinachonuka. Hapo ningepaswa kujitambua. Sukari yangu ikishuka, kabla sijaanguka nakuwa mkali, nachukia kila mtu, hata anayenisalimia. Kisha jasho la baridi, midomo inakufa ganzi, mikono inatetemeka. Niliinuka nikaondoka mbele yao ili wasione, nikavuka barabara mpaka kwenye kibanda cha nyasi ambapo mwanamke mmoja alikuwa anauza uji.

Huyo ndiye Mama Domitila. Mwanamke wa makamo, mjane, mwenyeji wa palepale, anaongea Kinyarwanda na watoto wake na Kiswahili na wasafiri. Sikuwa namjua. Nilikaa kwenye jiwe lake bila hodi.

"Mama, uko natetemeka," akasema. "Ulikula kitu leo?"

"Nimefunga."

"Mungu hapendi mutu akufe mu njia. Kunywa, utalipa funga siku ingine."

Akachota uji wa mtama kutoka chunguni, akatia kwenye kikombe cha plastiki. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu mambo yote yako hapa. Huku kwetu Kivu kila mtu anaogopa karuho, sumu ambayo inasemwa mtu anakutilia kwenye kinywaji kwa ncha ya ukucha. Ndiyo maana mwenye adabu hakupi kinywaji hivihivi. Anaonja kwanza, mbele ya macho yako. Mama Domitila alikunywa funda moja, akalimeza, akafuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa, akanipa.

"Unaona, nimeonja," akasema.

Niliona. Nilikuwa mtu pekee aliyeona. Nikanywa mafunda mawili, na hapo barabara ikainuka ikanipiga usoni.

Yaliyofuata sikuyaona, niliambiwa baadaye na muganga wa kituo cha afya, na mengine na Mama Kapiteni mwenyewe. Wenzangu walinikuta nimelala, macho yamegeuka, povu mdomoni, kikombe pembeni. Mtu aliyefunga, amekunywa uji wa mgeni saa sita mchana. Kwa akili zao hakukuwa na la kujadili. Nani anaacha funga yake hivihivi? Amerogwa akanywa, na alichokunywa ni karuho. Mama Kapiteni husafiri na chupa ya dawa ya majani kwa ajili hiyo. Wakanipanua meno kwa kijiko, wakanimwagia, nikatapika. Nikatapika mafunda mawili ya uji, chakula pekee kilichokuwa mwilini mwangu. Waliokuwa wananiua walikuwa wanalia kwa ajili yangu, na hilo sijui hata leo nilipokee vipi.

Waliponifungua nguo ili nipate hewa wakaona tumbo langu, alama nyeusi kila mahali. Wakapiga kelele kwamba nimechanjwa na wachawi muda mrefu.

Mama Domitila hakukimbia. Angeweza. Alisimama pale anasema, "Mumupeleke kwa muganga, kituo iko hapa nyuma. Mumupeleke, mutaona sikumupa kitu." Alinywa uji wote uliobaki chunguni mbele yao ili wamwamini. Wakasema mchawi hadhuriwi na dawa yake. Lakini ni kwa sababu ya maneno yake askari wawili walinibeba kwenye godoro kunipeleka. Wengine wakabaki naye. Ni imani ya watu wengi kwamba aliyetia karuho ndiye mwenye dawa yake, na akibanwa ataitoa.

Nilizinduka kwenye kitanda cha chuma, serumu ya sukari inaingia mkononi. Kuzinduka kule ni kwa haraka, unakuwa maiti kisha unakuwa mtu. Muganga, mwanamume mwembamba mwenye koti lililofuliwa sana, alikuwa amenitoboa kidole na kipimo kilimwambia kila kitu. Alama za tumbo alizisoma mara moja.

"Mama, uko na kisukari. Unajuaka?"

"Najua."

"Na bwana yako anajuaka?"

Kutoka nje, upande wa barabara, nilisikia sauti ya mwanamke. Haikuwa ya kulia. Alikuwa anarudia maneno yaleyale, "Nilionja, nilionja mbele yake, mumuulize." Kisha sauti ya fimbo.

"Kule wanapiga mutu juu yako," muganga akasema. "Nimeenda kubaambia waache, wamenisukuma. Wanataka sababu."

"Tafazali, usiwaambie."

Ndiyo. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Ningeweza kuandika kwamba sikuwa na akili timamu, na muganga mwingine Goma aliwahi kunipa udhuru huo bure. Sikuuchukua. Akili yangu ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa asubuhi nzima. Niliwaza Katindo. Niliwaza kinu changu. Niliwaza, wakijua nitaachwa hapa, kamio itaondoka, na Papa Amisi ataingia Goma peke yake.

Muganga akafunga sanduku la kipimo chake. "Siri ya mugonjwa ni ya mugonjwa," akasema. "Siwezi kuisema kama unakatala. Lakini ile mukono wanavunja haiko yako."

Akatoka akaniacha. Nikalala naangalia matone ya serumu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kumpitia jirani kwanza. Sijui ilikuwa dakika tatu au kumi. Nikasikia Mama Domitila ameacha kusema "nilionja", na kimya hicho ndicho kilichoninyanyua, wala si wema wangu. Nilichomoa chupa ya serumu kwenye msumari, nikaishika juu kwa mkono mmoja, nikatoka miguu mitupu.

Alikuwa amepiga magoti, amefungwa kwa kamba ya mbuzi, mkono wa kulia umekaa vibaya. Chungu chake kilikuwa vipandevipande. Mama Kapiteni alisimama mbele yake, na nyuma, bunduki begani, alisimama Papa Amisi. Hakuwa anapiga. Hakuwa anazuia.

"Mumuachilie," nikasema. "Haiko karuho. Ni kisukari. Niko nayo toka mwaka mbili. Nilijichoma sindano asubuhi na sikukula. Yeye alionja, nilimuona."

Nilitegemea nini? Kwamba watanikumbatia? Mtu mmoja akaishusha fimbo. Kisha Mama Kapiteni akanisogelea, akanitazama tangu miguuni.

"Na funga yako?"

"Sikuwa nafunga."

"Siku zote zile?"

"Siku nyingi."

"Umetupikisha zambi ya mutu hana kosa," akasema kwa sauti ya chini. "Tumeila na mikono yetu. Usikaliake karibu yangu tena." Akageuka akaenda kwenye kamio. Na wenzangu wote wakamfuata, mmoja mmoja, yule mcheshi akiwa wa mwisho. Niliwachukia siku ile. Niliwachukia kwa fimbo zao na majani yao na hukumu yao ya haraka, na bado nawachukia kidogo. Ila walipiga kwa sababu waliamini wananiokoa. Mimi nilinyamaza nikijua.

Matairi yalifika alasiri. Papa Amisi alikuja mlangoni mwa kituo, kofia mkononi. Akasema amri ni amri, kikosi hakisubiri mtu mmoja. Akaniachia thermosi yenye dawa yangu, ambayo aliifukua mwenyewe chini ya magodoro pamoja na ule mfuko mweusi. Viazi vilikuwa vimepondeka. Hakuuliza thermosi ina nini, na kwa wakati ule sikulitilia maanani.

Nilikaa pale siku tatu. Kituo kina chumba kimoja cha wagonjwa, vitanda vinne. Muganga alimweka Mama Domitila kwenye kitanda kinachopakana na changu, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao, kwa sababu vitanda vingine viwili vilikuwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Siku ya kwanza alilala ananipa mgongo. Nilimwambia, "Mama, unisamehe." Akavuta shuka. Nilimwambia tena kwa Kinyarwanda changu kibovu. Binti yake, mwanamke mzima mwenye mtoto, akaniambia niache kelele, mama yake anataka kulala.

Muganga alikuwa ananipima mara nne kwa siku na kila mara anasema, "Lazima ukule." Lakini mimi sikuwa na mtu wa kuniletea chakula, na vituo vyetu havipiki. Asubuhi ya pili binti yake alileta uji kwenye chupa. Mama Domitila alimwambia kitu. Binti akabisha. Mama akarudia. Binti akatia uji kwenye kikombe akataka kunipa, na mama yake akasema, "Leta kwanza."

Akakichukua kwa mkono wa kushoto. Akajigeuza, mara ya kwanza, akanitazama. Akanywa funda moja, akameza taratibu, akafuta ukingo kwa shuka. Kisha akampa binti yake anipe.

Nilikunywa wote. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya kikombe na nilikunywa nayo, kwa sababu kama ningeacha hata tone ingekuwa matusi. Mpaka nilipoondoka alinilisha mara tano, kila mara alionja, na hakunisemesha hata mara moja.

Nilifika Katindo kwa pikipiki na gari la mkaa, siku ya nne. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwanamke. Hapakuwa na mwanamke. Vitu vyetu vilikuwa bado vimefungwa kamba katikati ya chumba na Papa Amisi alikuwa analala juu ya magunia. Miezi miwili hatukuongea zaidi ya "chakula" na "maji". Mvua zilikuwa zimeanza, paa linavuja, tunasogeza masufuria bila kutazamana. Mimi nilidhani amekasirika kwa sababu nilimficha. Siku moja, namwandalia nguo, nikashindwa kujizuia.

"Sema basi. Nilikuficha, nilikukosea. Sema."

Akakaa kitandani. "Nilionaka ile chupa mu mchanga," akasema. "Toka mwaka jana."

Nilidhani sikumsikia.

"Nilifikiri ni dawa ya ile ugonjwa ingine. Ile mubaya. Nikafikiri umenipatia na mimi. Niliogopa kukuuliza, niliogopa kupimwa. Kule Kalengera waliposema karuho nikasema mu roho, afazali karuho."

Kwa hiyo alisimama pale na bunduki begani, akijua kuna dawa ninayojichoma, na hakuwaambia "ngojeni, mke wangu ni mgonjwa". Tulikuwa wawili tunaojua, yeye nje na mimi ndani, na kati yetu mwanamke anavunjwa mkono. Nilimtupia sufuria. Halikumpata. Kisha tukakaa sakafuni wote wawili mpaka mvua ikakatika, na tangu siku ile nilianza kujichoma sindano mbele yake. Baada ya wiki chache alikuwa anajua kuivuta dawa kwenye sirinji kuliko mimi.

Imepita misimu mingi. Nimekaa kwenye mabenchi ya kusubiri ya Goma hii mpaka najua lipi linayumba. Jicho la kushoto linaona ukungu, mguu wa kulia hausikii kokoto za lava, kwa hiyo kila nikirudi nyumbani nakagua unyayo wangu kwa kioo. Dawa ikikosekana mjini, na imekosekana mara nyingi, tunagawana sisi wenyewe wa benchini, anayebakiwa na nusu anampa asiye na kitu. Siku hizi kambi ya Katindo inakaliwa na watu wengine. Kikosi cha mume wangu kilipoondoka mara ya mwisho niliulizwa kama napanda. Nikasema mbele ya wote, "Mimi ni mgonjwa wa kisukari, nabaki karibu na dawa." Nakaa Birere kwa mama na watoto. Kinu changu kiko hapa uani. Kama huko aliko Papa Amisi kuna anayemtwangia sombe, sijui, na siku nyingine nina hasira kwa hilo, na siku nyingine nasahau.

Mwezi uliopita niliteremka Kituku kuchota maji ya ziwa, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa limekauka. Kati ya mitumbwi na akina mama wa samaki nikaona mwanamke anainua bidoni ya maji kwa mkono wa kushoto, wa kulia umekunjamana kifundoni. Watu wengi wa Rutshuru wamekimbilia huku. Alinijua kabla sijamsalimia.

"Bado uko hai," akasema.

"Niko, Mama. Juu yako."

Neno hilo hakulipokea wala kulikataa. Akanyosha kidole kwenye kopo dogo ninalovaa shingoni kwa kamba. "Unabeba nini?"

"Sukari. Na karatasi."

"Inasema nini? Mimi sisomake."

Nikaifungua. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda, mwandiko wa mwanangu Amisi. Nikamsomea. "Mimi ni mgonjwa wa kisukari. Nikianguka, nipakeni sukari kwenye ufizi munipeleke kwa muganga. Musinitapishe. Musimushike mutu."

"Soma tena ya mwisho."

"Musimushike mutu."

Alisimama, maji yanampiga vifundo vya miguu. Nilitamani aseme amenisamehe. Nilikuwa nimeisubiri miaka yote, nakiri.

"Hiyo," akasema, "uiandike mukubwa. Mutu akikasirika hasomake ndogo."

Akaniambia nimtwike bidoni. Nikaiinua nikamwekea kichwani, akaisawazisha kwa mkono mzima, akapanda kilima bila kugeuka.

Jioni ile nilimwomba Amisi karatasi mpya. Maneno ya mwisho sasa yako juu, ya kwanza kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu. Mama unayepanda kamio kesho, andika na wewe ya kwako kabla hawajapakia. Na chakula chako kibebe mkononi.